Machela ya Mwanahawa

Gari lililokuja kumchukua Mwanahawa liliishia chini ya kilima. Juu ya hapo barabara yote ilikuwa imeteremka bondeni usiku, pamoja na mikalitusi iliyokuwa pembeni yake na kipande cha shamba la karoti. Dereva alipiga simu huku akipaza sauti kushinda mvua.

"Mbaraka, mlima umeanguka! Hata mtu wa miguu hapiti. Udongo bado unatembea!"

Simu ikakatika. Mbaraka alijaribu kupiga tena, mara ya pili, mara ya tatu. Mtandao ulikuwa umeondoka. Alibaki amesimama barazani, shati limemganda mgongoni, akitazama ukungu uliofunika Kwemkuyu yote: mashamba ya kabichi, msikiti wa mabati, nyumba za majirani. Ndani, nyuma ya pazia, mkewe alitoa sauti ya chini, ndefu, kama mtu anayenyanyua mzigo usionyanyulika.

Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana mchana. Hii ilikuwa mimba yake ya pili. Binti yao wa kwanza, Hidaya, alizaliwa kwa upasuaji, na kliniki walikuwa wamemwambia Mwanahawa waziwazi kwamba huyu wa sasa asizaliwe nyumbani. Alikuwa amejipanga kushuka mapema kwa dada yake Bumbuli, akasubirie siku zake huko karibu na hospitali. Mvua za masika zilimzuia, akasema acha zipungue. Hazikupungua, na mtoto hakusubiri.

Aliyekuwa naye chumbani ni Mama Paskalina, nesi mkunga mstaafu kutoka ng'ambo ya bonde. Alikuja na mabuti yake ya mpira, mkoba wa plastiki na ile pembe ndogo ya kusikilizia mapigo ya mtoto. Asubuhi hiyo aliinama, akaweka pembe juu ya tumbo, akafumba macho. Kisha alinawa mikono, akatoka hadi sebuleni walipokuwa Mbaraka na mama yake, Bi Latifa.

"Njia imefunguka yote," alisema. "Imefunguka muda mrefu sasa. Lakini kichwa hakishuki. Kimegota kwenye nyonga."

"Una sindano kwenye mkoba," Bi Latifa alisema. "Nimeiona. Mchome, uchungu uongezeke, mtoto atoke."

"Ile ni ya kuzuia damu baada ya kuzaa. Nikimchoma sasa tumbo litasukuma kwa nguvu zote, na tumbo lenyewe lina kovu, Mama Mbaraka. Litachanika."

"Basi tusubiri. Watu watachimba barabara."

"Hawataichimba leo wala kesho."

"Unataka nini sasa? Abebwe?" Sauti ya Bi Latifa ilipanda. "Apitishwe msituni? Binti yangu mimi alibebwa kwa njia hiyo hiyo."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Binti yake mkubwa, dada yake Mbaraka, alikata roho kwenye machela katikati ya msitu, na waliombeba walimrudisha nyumbani kwa mapao yale yale. Mbaraka alikuwa bado mdogo, lakini alikumbuka miguu iliyokuwa ikining'inia.

"Nakumbuka," Mama Paskalina alisema taratibu. "Nilikuwepo. Tulimbeba tukiwa tumechelewa."

Akamgeukia Mbaraka, kama ilivyo kawaida kwa mambo haya. Hapo sauti ya Mwanahawa ikatoka nyuma ya pazia, kavu, iliyokwaruza.

"Nawasikia wote. Nibebeni."

*

Walifunga blanketi mbili kwenye mapao mawili ya mkalitusi, wakamlaza juu yake, wakamfunika kwa turubai la kuanikia maharage. Wabebaji walikuwa wanne: Mbaraka mwenyewe, majirani wawili, Alen na Yusufu, na Dotto, aliyewahi kupasua mbao msituni miaka ya nyuma na bado alipanda huko kutafuta asali. Dotto alishika pao upande wa mbele, panga kiunoni. Mama Paskalina alifuata nyuma na mkoba wake ndani ya ndoo yenye mfuniko. Bi Latifa alibaki mlangoni, amemshika Hidaya mkono. Alisogea, akamvutia Mwanahawa kanga ikamfunika miguu vizuri, akarudi nyuma.

Mpango ulikuwa rahisi kuusema. Wapite msituni, wavuke mto, watokee kwenye mashamba ya chai ya Mponde, na kule hawatakosa gari.

Njia ilikuwa imegeuka mfereji. Maji mekundu yalitiririka miguuni mwao na kila hatua ilibidi kuitafuta kwa kisigino kabla ya kuikanyaga. Walipoteremka, wa mbele waliinua mapao juu ya vichwa vyao na wa nyuma wakainama karibu kuchuchumaa, ili machela ikae sawa. Walipopanda, ikawa kinyume chake. Kila uchungu ulipomshika, Mwanahawa aligonga pao kwa kiganja, nao wakasimama hapo walipo, matope yakiwafika kwenye vifundo, mpaka agonge tena.

"Maji," aliomba.

Mama Paskalina alikinga maji ya mvua kwenye pindo la turubai, akatia sukari kidogo, akamnywesha kwa kifuniko cha chupa.

Waliusikia mto kabla ya kuuona, na Dotto alianza kutikisa kichwa mapema. Daraja la magogo lilikuwa limekwenda. Maji yalikuwa mapana, ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa, yakibeba matawi na migomba mizima, na chini yake mawe yalisikika yakigongana.

"Tungoje yapungue?" Alen aliuliza.

"Yanapanda," Dotto alisema. "Tazama ule mti. Tulipofika shina lilikuwa nje."

"Hakuna kwingine?"

"Kule juu maji yanapita chini ya mwamba. Tulikuwa tunavushia mbao hapo. Ni mbali, na hakuna njia siku hizi. Lakini panapitika."

Wote walimtazama Mama Paskalina. Alikuwa ameshapiga magoti, pembe sikioni. "Twendeni huko," alisema bila kuinua kichwa.

Wakaanza kupanda kufuata mto. Hapakuwa tena na njia, ila mizizi, miiba na majani yaliyooza yaliyofika magotini. Dotto alikata, wengine wakapenya. Ukungu ulishuka kati ya miti ya mkulo mpaka Yusufu, aliyekuwa nyuma, hakuona tena mgongo wa Dotto aliye mbele. Ikawabidi waongozwe na sauti ya maji upande wa kushoto. Ikififia wanarudi, ikikua wanajua wamekaribia mno ukingo. Mahali fulani walikanyaga siafu. Hakuna aliyeweza kuiachia machela ajikung'ute. Walitembea hivyo hivyo, wakiumwa mapajani, Alen akilia kwa hasira, mpaka wakapata jiwe la kuwekea mzigo.

Karibu na mwamba Dotto aliteleza. Mguu wake uliingia kati ya mizizi na mwili ukaenda upande mwingine. Waliusikia mguu ukivunjika. Hakuachia pao. Alianguka kwa magoti, akalishikilia begani mpaka Mbaraka alipolipokea, ndipo akalala chini na kupiga kelele.

Mama Paskalina aliufunga mguu kwa vipande vya fito na vitambaa alivyochana kwenye kanga yake. Dotto alikuwa amebadilika rangi, jasho likimtoka kwenye ile baridi.

"Niacheni hapa chini ya mwamba," alisema. "Pana ukavu. Mkivuka, shukeni na ule mgongo wa mlima wa kulia, msiache mgongo hata kama kushoto kunaonekana kwepesi. Kushoto ni korongo."

"Tutarudi," Mbaraka alisema.

"Najua. Nendeni."

Lakini hawakwenda mara moja, kwa sababu Mwanahawa alikuwa akigonga pao na hakuacha kugonga.

*

Walimwingiza chini ya mwamba, palipokuwa pakavu. Mama Paskalina alisikiliza tumbo kwa muda mrefu kuliko mara zote. Alihamisha pembe, akasikiliza tena. Wanaume waligeuka wakatazama mvua.

"Yupo?" Mwanahawa aliuliza.

"Yupo. Amechoka sana. Moyo wake sasa unapiga polepole kuliko wako."

"Niambie yote, mama. Usinifiche."

Mama Paskalina alikaa chini kwenye vumbi, karibu na kichwa chake, akamshika mkono.

"Naweza kujaribu hapa hapa. Nikuongezee njia kwa wembe, wanaume wakukandamize tumbo kutoka juu, mimi nivute. Pengine atatoka. Pengine atatoka hai. Lakini kulikandamiza tumbo hilo ni sawa na kulipasua. Ukianza kumwaga damu kwa ndani, sindano yangu moja haitazuia kitu. Utaishia hapa."

"Na tukiendelea?"

"Wewe unaweza kufika."

"Na yeye?"

Mama Paskalina alitikisa kichwa. "Sidhani, mwanangu. Sidhani kama atafika."

"Twende!" Mbaraka alisema. Alikuwa ameshashika mapao. "Twende sasa hivi."

"Mbaraka, sikukuuliza wewe," Mama Paskalina alisema, na hakusema kwa ukali. "Tumbo ni lake. Na atakayeishi na jambo hili ni yeye."

Uchungu ukaja. Mwanahawa aliuma kanga mpaka ukapita. Alipofungua macho aliwaomba wote wanyamaze. Alichukua mikono yake miwili, akaiweka pande zote za tumbo kama mtu anayeshika uso wa mtoto ili amtazame vizuri, akaanza kusema kwa Kishambaa, kwa sauti ndogo, maneno ambayo mwamba na mvua viliyameza. Mbaraka aliyekuwa karibu alisikia machache tu na hakuwahi kuyarudia kwa mtu yeyote. Mtoto alicheza. Wote waliona turubai likinyanyuka kidogo ubavuni.

Mwanahawa aliiacha mikono pale pale mpaka tumbo likatulia.

"Hidaya ana miaka minne," alisema, kama vile hawajui. "Hawezi hata kujifunga kanga."

Kisha akamtazama Mama Paskalina.

"Ninyanyueni."

*

Mama Paskalina alimpa Dotto ile ndoo, turubai dogo lililokuwa ndani yake na sukari iliyobaki, akaingiza bega lake chini ya pao alilolibeba Dotto. Alen alitaka kumkatalia, akaona uso wake, akaacha. Walivuka juu ya mwamba huku maji yakinguruma chini ya miguu yao, wakashika mgongo wa kulia.

Wakaanza kuteremka. Kushoto kulikuwa na uwazi mwepesi wenye majani laini, na mara mbili miguu yao ilivutwa huko yenyewe, mara mbili Mbaraka akapaza sauti, "Kulia!" Mabuti ya Mama Paskalina yalijaa maji, akayavua akayatupa, akaendelea pekupeku juu ya mawe. Mbega waliwatazama kutoka juu ya miti bila kutoa sauti.

Walikuwa wamefika kwenye mianzi Mwanahawa alipogonga pao, mara moja tu, polepole.

"Ametulia," alisema.

Waliteremsha machela. Mama Paskalina aliweka pembe upande wa kushoto, upande wa kulia, chini ya kitovu, juu. Mvua ilikuwa imepungua na msitu ulikuwa kimya kiasi kwamba kila mmoja alisikia pumzi za mwenzake. Alisikiliza mpaka Yusufu akashindwa, akaenda kusimama mbali na kuufunika uso. Mwisho Mama Paskalina aliinuka na kuirudisha pembe mfukoni.

"Najua," Mwanahawa alisema. "Nilimsikia alipoacha."

Mbaraka alipiga magoti matopeni akaweka paji la uso kwenye tumbo la mkewe. Naye akamwekea mkono kichwani, na kwa kitambo kidogo ilikuwa kana kwamba yeye ndiye mzima na mumewe ndiye mgonjwa.

Hawakuwa wamekwenda mbali tena Mwanahawa alipopiga ukelele ambao haukufanana na wa mwanzo. Uchungu ulikatika ghafla, kama kamba. Umbo la tumbo likabadilika. Mama Paskalina alitazama ndani ya kope zake, akakuta ni nyeupe.

"Limechanika," alisema. "Kimbieni."

Walikimbia. Watu waliokuwa wakitafuta pa kukanyaga kila hatua sasa walikimbia juu ya mizizi, wakajigonga, wakaanguka magoti na kuinuka, machela ikiyumba, Mama Paskalina akiita jina la Mwanahawa kila baada ya pumzi chache ili amwitikie. Mwanzo aliitika. Baadaye alifumbua macho tu. Miti ikaisha mara moja bila kuwatayarisha, na mbele yao kukatandaa majani mabichi ya chai mpaka upeo wa macho, na wanawake waliojikinga mvua kwenye banda la kupimia chai wakasimama wote kwa pamoja.

Walipokea mapao kwa mabega yao wenyewe, na wengine wakatangulia kupakua magunia ya majani mabichi kutoka kwenye gari lililokuwa limesimama hapo. Mwanahawa alilazwa pale palipokuwa na chai, na kichwa chake kwenye mapaja ya mumewe.

Jua la jioni lilikuwa limechungulia chini ya mawingu walipoingia hospitali. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke, bado ameshika kikombe. Alikiweka chini alipoona kope za Mwanahawa.

"Kizazi kimechanika," alimwambia Mbaraka huku wakisukuma kitanda. "Nikiweza nitakishona. Nisipoweza nitakitoa. Mtoto, samahani sana, baba."

"Tunajua kuhusu mtoto," Mbaraka alisema. "Fanya lolote, yeye aishi."

Alen na Yusufu walitoa damu wakiwa bado na matope ya msitu. Mama Paskalina alitafutiwa kiti. Alikikalia wima, miguu yake ikitoa damu sakafuni bila yeye kujua, mpaka nesi alipokuja na beseni.

*

Mwanahawa aliishi. Kizazi hakikushonekana.

Mtoto alikuwa wa kiume, mzito, mwenye nywele nyingi. Asubuhi Mbaraka alimleta kitandani akiwa amefungwa kwenye shuka jeupe, kwa sababu shehe alikuwa akingoja nje na ilikuwa lazima mtoto apewe jina. Mwanahawa alimtazama kwa muda mrefu. Alimgusa sikio, akagusa ule uvimbe utosini, pale kichwa kilipogota.

"Zuberi," alisema.

Kisha akamrudisha kwa baba yake, naye akatoka naye. Alizikwa mahali pasipo na mtu wa ukoo wao hata mmoja, kando ya mgomba, na wanaume aliowajua Mbaraka siku hiyo hiyo ndio waliomsaidia kufukia.

Dotto alibebwa kutoka msituni na wanakijiji wa Mponde, wakiongozwa na Mbaraka mwenyewe, aliyetoka kuzika akaenda moja kwa moja. Walimkuta ana homa lakini yu hai. Mguu wake ulipona ukiwa mfupi.

Maziwa yalikuja Mwanahawa akiwa bado wodini. Yalilowesha gauni lake katikati ya wanawake waliokuwa wakinyonyesha, akageukia ukutani. Mama Paskalina alimkuta hivyo, alipoingia akichechemea kwa miguu iliyofungwa bendeji. Alikaa pembeni ya kitanda.

"Mama," Mwanahawa alisema akiwa bado ameelekea ukutani. "Ningekubali kule mwambani. Ungenikata, ukamvuta. Angeishi?"

Mama Paskalina alikuwa amewazalisha wanawake wengi kiasi cha kujua jibu ambalo lingempa usingizi. Alilifikiria. Kisha akaliacha.

"Sijui, mwanangu. Kila nikilala nasikiliza moyo wake tena. Sijui."

Mabega ya Mwanahawa yalitikisika. Baadaye alinyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka, Mama Paskalina akaupokea, na wakakaa hivyo mpaka chakula cha mchana kilipogawiwa.

*

Walipomrudisha nyumbani barabara ilikuwa bado inachimbwa. Pikipiki ilimfikisha chini ya maporomoko. Hapo alishuka na kupanda kwa miguu yake juu ya udongo mbichi, mkono mmoja kwa Mbaraka na mwingine kwenye mshono. Wanaume waliokuwa na majembe walisimama wakampisha. Walisema pole, wakatazama chini.

Hidaya alimkimbilia, akasimama ghafla alipoona mikono mitupu. Mwanahawa aliinama kadiri mshono ulivyomruhusu, akamwambia ukweli kwa maneno ambayo mtoto wa miaka minne anaweza kuyabeba. Hidaya alisikiliza, akaenda kumtafuta paka.

Nyumba ilikuwa kama alivyoiacha. Mwanahawa alizunguka, akagusa meza, akagusa pazia. Kila mtu alikuwa akimwangalia bila kumwangalia. Aliona majani makavu uani, na kwa kuwa hakujua la kufanya na mwili wake, alichukua fagio akainama kuanza.

Bi Latifa alitoka jikoni. Alikwenda hadi pale uani, akalishika lile fagio kwa juu, akalitoa mikononi mwa mkwewe.

"Mama, acha nifanye. Sina mtoto wa kulea."

"Nani kasema mzazi ni yule mwenye mtoto mkononi?" Bi Latifa alisema. Sauti yake ilikatika, akairudisha. "Umezaa. Nimekuchemshia maji. Tumbo silikandi, lina mshono, lakini mgongo na miguu nitakukanda. Uji uko jikoni, nimetia pilipili manga. Utakaa ndani arobaini zako zote, kama mzazi yeyote. Mimi ndiye nitakayefagia."

Mwanahawa alimtazama. Tangu msituni hakuwa amelia kwa sauti, hata wodini, hata shuka jeupe lilipotoka mlangoni. Sasa kilio kilimtoka, akaanza kuanguka. Bi Latifa alilitupa fagio, akampokea kabla hajafika chini, na wote wawili wakakaa pale pale katikati ya majani, mama mkwe akimpakata kama mtoto, akimwimbia kwa Kishambaa na kumpigapiga mgongoni, mpaka maji ya kukandia yakapoa na ikabidi yachemshwe upya.